Yaya, Nilizika Mutoto Wako na Mudomo Yangu

Yaya Anjela, dada yangu mukubwa,

Mi ndugu yako Dezire njo mutu wa bahati kuliko wote mu Bunia. Usicheke. Nimefika Kampala, nimefika Dubai, nimelala mu ndege mpaka India, na kule wakaingiza mwanga wa lazeri ndani ya kichwa yangu kwa katundu kadogo kama ncha ya kalamu ya bic, wakachoma pale kifafa ilikuwa inajificha. Hawakufungua fuvu. Kisha siku mbili nikatembea. Tangu pale sijaanguka hata mara moja, na ile mwanga ilibaki ndani. Naona vitu vyenye wengine hawaone.

Ile hadithi unaijua. Niliihubiri mu mutaa yetu yote ya Shari, na weye ulikuwa unachekea mu moshi ya jikoni, ukipika majani ya sombe: "Dezire, ile mudomo yako!"

Unajua nilitoka wapi. Kule Mahagi, nikianguka, watu walikuwa wanakimbia kwa kuogopa povu ya mudomo yangu. Sahani yangu ilikuwa ya peke yake, hata mbwa walikatazwa kuilamba. Weye ulikuwa unanipangusa na kitenge yako, kisha unakaa, unakula na miye mu sahani moja, makusudi, mbele ya wote. "Mwenye anataka kifafa akuje tukule!" Hakuna mwenye alikuja. Tulikuwa tunashiba, Yaya.

Sasa nikuambie kile nilikuficha.

Yule dokta mwanamuke wa India hakunidanganya. Alinionya mbele: ile mwanga inapita karibu na pahali kichwa inaweka majina. Kifafa inaweza kuisha, na majina yapungue. Nikacheka, nikatia sinyatire ku karatasi yao. Nikisha kupona akanionyesha picha ya chanuo, ile jina waliniambia nyuma. Nilijua ni ya nywele. Nilikumbuka hata ile yako ya mbao yenye meno mbili zilivunjika. Lakini jina ikakataa kutoka. Nikamuambia: "Madamu, kwetu wanaume wazuri hawana lazima na hii kitu." Akacheka kidogo, akaandika ku karatasi.

Nilirudi nyumbani, nikakuambia juu ya mwanga. Juu ya chanuo sikukuambia.

Kisha wachimbaji wa zahabu wa Nizi wakakuja kuniuliza wachimbe wapi. Nikafunga macho, nikanyoosha kidole. Wakapata, kidogo tu, bahati tu, lakini wakapata! Toka siku ile wakaniita Muzee wa Taa. Ningekataa? Weye unanijua. Nikanunua hata kofia ya uzee.

Kisha homa ikakubeba mu siku nne.

Ku makaburi wakanipa neno ya kusema, juu mi njo mudomo ya jamaa. Nikatafuta jina yako. Yaya, jina yenye nilikuwa naita kila mara nikiamka mu vumbi, ikakataa kama ile ya chanuo. Nikasukuma. Ikakuja ingine, ikatoka na sauti yangu kubwa: "Leo tunamuzika Furaha."

Furaha, binti yako. Alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika musalaba wako.

Kwetu mutu mwenye angali hai hatajwi juu ya shimo ya kaburi. Wamama wakapiga kelele, mumoja akamuvuta binti nyuma. Kama ni mutu mwingine alikosea, wangesema ni uchungu. Lakini miye? Mutu wa taa? Wakasema: ameona kifo yake.

Yaya, Furaha anajitayarisha kufa. Hakurudi tena ku shule ya wauguzi. Viatu vyake amepatia watoto wa jirani. Chakula inarudi ku jikoni vile ilitoka. Ile kitenge yako ya maua anaizungusha mara mbili ku kiuno, na bado inateleza. Nilimuendea mara tatu, nikamuambia nilikosea, ulimi tu. Ananitazama kama mutu anahurumia mugonjwa. "Mujomba, usinifiche. Juu ya nini nijifunze, na umeshaniona?"

Umeshaniona! Sijue nifanye nini. Nimechekesha matanga ya watu wote mu hii muji, na kwa huyu mutoto sina hata kamuchezo kamoja. Ako na afya yote, anaisha mbele yangu, na ni mudomo yangu inamukula. Ungekuwa hapa ungenipiga kofi. Nipige. Kuja unipige.

Kesho tunatosha matanga yako, kilio inaisha. Jamaa yote itajaa mu parsele, mu uwanja ya nyumba, hata wale wa Nizi. Wameshanipa neno tena, wapumbafu! Basi nitasimama. Furaha atakaa mbele. Nitamuomba yeye mwenyewe atoe vitu vya jikoni yako kimoja kimoja, aviinue juu wote waone, na mi nitaje. Vingine nitataja, juu majina hayakupotea yote. Kwa vingine nitashindwa, mudomo wazi, mbele ya wale wenye nilijivunia. Sitatunga muchezo wa kujifunika. Aone na macho yake: kama mujomba hajui jina ya mwiko, siku ya kufa ya mutu angeijua namna gani?

Pengine hataamini. Kama anasema ninajifanya tu mujinga juu ya kumuponyesha, sina tena kitu ingine. Sina, Yaya.

Jina yako nimeandika ku mukono na bic. Nikinawa, naandika tena.

Lala, mama yangu wa pili. Nakuahidi mutoto wako atakula, hata kama Bunia itanicheka mpaka nizeeke. Nitakaa naye ku sahani moja mpaka aimalize. Na neno ya kwanza nitasema kesho, usikie weye mbele yao: hakuna taa mu kichwa yangu. Nilidanganya. Kuanguka kuliisha, majina yakaenda, na sioni kitu.

Dezire