Kamyo Iliyolia Mpaka Mulangoni Kwetu

Mujukuu wangu Ngalula, huku Manika tuko salama, hata jino la shangazi yako limetulia.

Umeniuliza kwa nini nilimukubali babu yako. Wakati Babeleji walikuwa wanatutawala, alikuja kuniposa asubuhi ya ukungu na kamyo ya mujomba wake. Alikuwa ameifungia taa mbili za ziada, ili baba yangu amuone fundi. Lakini nyuzi zake alizichanganya na za honi, kwa hiyo taa zikiwaka, honi inalia bila kunyamaza. Mutaa muzima ulitoka inje.

"Tambwe, nani amekufa?" baba akauliza.

"Hakuna, Tata. Nimekuja kuoa."

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tumuzike mama, sikuwa nimemusikia akicheka. Nikaingia ndani kuvaa kitambaa changu kizuri.

Mi nkambo wako, mwenye kukuwaza kila siku.