Mtori wa Hallonbergen

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Mimi na mtoto hatujambo, ananyonya vizuri, na theluji ya huku Hallonbergen imeanza kuyeyuka.

Jirani yangu Maryanne, Mkenya, aliniuliza jina la mtori lina maana gani na limetoka wapi. Nikamwambia sijui; najua tu kwamba kwetu Uchagani ni supu ya ndizi za kuponda na nyama, na mama mkwe ndiye humpikia mzazi. Kesho yake akaniletea sufuria nzima. Ndizi hakuziponda, lakini alinisimamia mpaka nikamaliza bakuli, kama ambavyo ungefanya wewe.

Uliniuliza habari za Optatus. Mama, mwanao alihama hapa nyumbani kabla sijajifungua.

Asante kwa kunipigia kila Jumapili na kuniita mwanangu. Mtori sijui ulikopata jina lake. Mtoto amepata lake kwako: anaitwa Veneranda.

Mkweo,
Dativa