Niliwatuma watoto watatu kuteka maji ili video yangu ipendeze

Papa Edmond, jambo. Barua hii ya kuomba shauri lako gazetini nimeianza mara mbili nikaichana, kwa hiyo nakuomba uisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Kamina, nina miaka kumi na minne kazini na watoto hamsini na wawili darasani, na sijawahi kupata neno baya kutoka kwa inspekta yeyote. Mwaka huu nilichaguliwa pamoja na mwenzangu Amédée wa darasa la sita kwenda kwenye mafunzo ya siku tano ya kufundisha kwa tableti, tukajifunza kuiwasha, kuichaji kwa bamba la jua, kuwaonyesha watoto picha zenye kusogea na kuwasikilizisha masomo yaliyorekodiwa, na siku ya mwisho mkufunzi akatupa kazi moja, kwamba kila mmoja apigwe video ya dakika ishirini akifundisha darasa lake jinsi lilivyo kila siku, aitume kwenye kundi la WhatsApp la waalimu, na wenzake wamwambie wameona nini.

Papa Edmond, nawe ulikuwa mwalimu, unajua tunavyofanya. Somo lilikuwa la nusu, robo na theluthi, nikalifundisha Jumatatu, nikalirudia Jumanne kwa maswali yaleyale na majibu yaleyale, nikapanga nani atajibu nini, na Jumatano asubuhi Amédée alipokuja na simu yake kunipiga video, nikatazama benchi la dirishani wanapokaa Mulanga, Jessé na Hénoch, ambao mpaka leo hawasomi sentensi moja bila kukwama, nikawaza kwamba simu ikiwafikia wataniaibisha, nikawaambia: «Ninyi watatu, chukueni mabidoni mwende kwenye pompi, maji ya shule yamekwisha.» Maji hayakuwa yamekwisha.

Video ikatoka nzuri, mikono yote juu, tableti ikipita benchi hadi benchi, hakuna aliyekosea hata mmoja, waalimu arobaini wa lile kundi wakanipongeza, na Direkta wetu, Bwana Katende, akaituma mwenyewe kwenye kundi la wazazi akisema: «Angalieni, bazazi, hii njo masomo ya kisasa!» Kisha nikateuliwa kuongoza cellule ya mwisho wa mwezi, yaani ule mkutano ambapo mwalimu mmoja anaonyesha somo lake na wengine wanamkosoa. Watakuja waalimu wa shule nne, na inspekta, siku ya Jumamosi, na video hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kama mfano.

Kumbe baba wa Mulanga, Bwana Kanyinda, anayetengeneza njia ya reli, alikuwa kazini upande wa Kaniama video ilipomfikia. Aliporudi alikuja shuleni, kofia mkononi, hakuwa na hasira, akaniambia: «Madame, minyi niliita bantu ba kazi bote, nilibaambia mukuye muone mutoto wangu anasoma na mashini. Tuliangalia mpaka mwisho. Tukarudilia. Mumoja akanichekelea, akasema: Kanyinda, weye iko na mutoto wa kweli ao wa kuwaza? Sasa, Madame, Mulanga alikuwa wapi?»

Nikamjibu kwamba siku ile alikuwa mgonjwa. Akasema: «Mugonjwa? Ah. Basi, asante, Madame,» akavaa kofia akaenda.

Kesho yake Mulanga alinifuata mlangoni akasema kwa sauti ya chini: «Madame, papa aliniuliza nilikuwa na ugonjwa gani ile siku. Nilimuambia malaria. Iko vizuri?» Nikamwambia ndiyo, nenda ukakae.

Na tangu hapo, kila nikifungua kabati kutoa tableti, wale watatu wanasimama wenyewe bila kuambiwa, wanachukua mabidoni, yale madumu ya maji, na kutoka. Wiki iliyopita nilitaka kuwaita warudi, lakini nikafundisha hadi mwisho bila wao.

Jumamosi inakaribia. Nishauri, Papa Edmond: niseme video imefutika, hali iko katika simu ya kila mtu, ao niionyeshe nikae kimya, ao niombe Amédée aongoze badala yangu? Bwana Kanyinda hajaniuliza tena kitu, akinikuta sokoni ananisalimia kama zamani, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Mwalimu wa darasa la tano, Kamina

*

Mwalimu, binti yangu,

Majina yote katika barua yako nimeyabadilisha, maana Kamina ni ndogo na huyo mtoto hastahili kusomwa gazetini.

Umeniuliza maswali matatu kuhusu video na hukuuliza hata moja kuhusu Mulanga. Maneno yake unayakumbuka neno kwa neno, kisha ulipofika kwenye swali ukamruka. Nadhani unajua hivyo, na ndiyo maana barua uliichana mara mbili.

Kupanga somo kwa ajili ya mgeni hakukuanza na wewe. Nilifundisha miaka thelathini na sita, na kabla inspekta hajaingia tulikuwa tumekwisha kuwaambia watoto: anayejua jibu ainue mkono wa kuume, asiyejua ainue wa kushoto, lakini wote wainue. Inspekta alifurahi. Naye alikuwa mwalimu zamani, bila shaka aliwahi kufanya vilevile. Aliandika alama zake akaenda, na mchezo ukaisha siku hiyohiyo. Hata hivyo, sisi waongo wa chaki tulimwachia asiyejua mkono wa kushoto. Alibaki ndani.

Sasa nikueleze jambo ambalo siku tano za mafunzo huenda hazikutosha kulieleza. Inspekta anakuja kutoa alama, na kwake utajipamba, sikulaumu sana. Video mliyoagizwa ina kazi nyingine. Mwalimu akisimama mbele ya watoto hamsini haoni darasa, anaona wale wanaojibu. Simu iliyosimama pembeni inaona benchi la dirishani. Baadaye unakaa na wenzako mnatazama ni nani hakushika tableti hata mara moja, ni nani unampita kila siku bila kujua. Anayepigwa picha ya kifua hospitalini anaambiwa avue shati. Wewe ulivaa koti.

Na simu ilifanya kazi yake hata hivyo. Uliwaondoa watoto, ikapiga benchi tupu, na baba mmoja upande wa Kaniama akaona kile ambacho waalimu arobaini hawakukiona.

Huyo baba anajua. Mtoto hapati malaria bila mama yake kujua, na mama akijua nyumba nzima inajua. Anakusalimia sokoni kwa sababu anakungoja.

Kuhusu watatu hao kusimama wenyewe, usijidanganye kwamba ni adabu. Uliwafundisha somo moja siku ile, nao wamelishika kuliko wenzao walivyoshika robo na theluthi: mashine ikitoka kabatini, sisi tunatoka darasani. Mwaka ujao wana mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtoto aliyezoea kutoka mwenyewe hahitaji kufukuzwa. Mwezi huu anachukua bidoni, mwezi mwingine haonekani tena shuleni, na wewe utaandika katika daftari kwamba ameacha masomo.

Fanya hivi. Anza na Mulanga, na usingoje Jumamosi. Usimwite mbele ya wenzake, wala usimnunulie biskuti. Mwambie kwamba maji hayakuwa yamekwisha, kwamba ulimtuma kwa sababu uliona haya juu ya kazi yako mwenyewe, na kwamba ile malaria ni uongo wako, si wake, nawe ndiwe utakayeuondoa kwa baba yake. Mtoto amebeba uongo wa mtu mzima, akaja kuuliza kama ameubeba vizuri, nawe ukamwambia nenda ukakae. Nilipofika hapo katika barua yako niliweka miwani chini nikazunguka nyumba kidogo.

Siku hiyohiyo nenda kwa Bwana Kanyinda, na kama yuko kwenye reli, nenda siku anayorudi. Nenda peke yako, bila Direkta. Salimu, keti ukikaribishwa, na neno la kwanza baada ya salamu liwe: «Papa Mulanga, nilikudanganya.» Usimhesabie shida za shule, anazijua. Akikukemea, kaa ukemewe. Akinyamaza, nyamaza naye mpaka aseme.

Halafu piga video nyingine. Watoto hamsini na wawili, somo ambalo hawajalisikia, bila kupanga majibu, na tableti ianzie benchi la dirishani. Haitapendeza. Mmoja atakosea, mwingine atapiga chafya, Hénoch atakwama. Itume hivyohivyo, lakini kwa waalimu tu.

Jumamosi onyesha zote mbili, ile ya kupendeza kwanza. Usilie, wala usitubu kama kanisani. Sema jinsi fundi anavyoonyesha mahali alipokata mbao vibaya: hapa benchi ni tupu, nimelitoa watu mimi. Usitaje jina la mtoto hata mmoja. Kisha waulize wenzako: nina watatu wasiosoma katika darasa la tano, mashine hii itawafaa nini? Sijawahi kuona shule isiyo na watatu hao, kwa hiyo watu wataongea, hata wale waliokuja kulala. Mmoja atakumbuka yale masomo yenye sauti, ambapo mtoto anasikia neno huku analifuata kwa kidole, na robo saa kabla ya kengele inatosha kuanza nayo. Hapo ndipo mtakuwa mmejifunza. Zile siku tano zilikuwa za kujua kitufe kiko wapi.

Direkta Katende anaweza kukasirika, kwa kuwa naye aliisifu video mbele ya wazazi. Huenda cellule akapewa mwingine, huenda alama yako ya mwaka ikashuka. Siwezi kukuahidi kinyume chake. Cheo ulichokipata kwa benchi tupu si kizito, hutaona sana kimepungua.

Limebaki jambo moja, nalo ni la mikono tu. Ukimaliza kusema na Mulanga, usidhani kwamba kesho yake atabaki amekaa. Masikio ya mtoto yanaelewa upesi, miguu inachelewa. Kwa hiyo kila siku ya tableti fika mapema, chukua yale mabidoni, uyajaze mwenyewe kwenye pompi, uyapange mlangoni. Ukifungua kabati, watatu hao watasimama, watayakuta yamejaa, na watageuka kukutazama. Waambie wakae, kisha uwapelekee tableti.

Papa Edmond