Friji ya Gesi na Macho ya Baba

Jumatatu, 3 Februari 2025. Molo.

Tumefika. Baridi ya kukata masikio! Nimeendesha kempa, gari letu la kulala, toka Nakuru, malori ya viazi yakinipigia honi, na Baba kando yangu anacheka tu. Malori hayo hayo aliyaendesha miaka thelathini, lakini usiku. "Molo naijua kwa taa za gari," anasema. "Mchana sijawahi kuiona."

Ndiyo sababu tuko hapa. Presha ya macho imeshachukua jicho la kushoto. La kulia limebaki na upenyo. Nataka autumie kabla haujafunga.

Nasir hataki. Kaka yangu huyo angemfungia Baba kwenye kabati la vyombo. Amekubali kwa sharti moja: dawa ya matone ikae baridi, kama daktari alivyosema. Ikiharibika, Baba anarudi nyumbani Bondeni na safari imekwisha. Nimemwambia kempa ina friji ya gesi, nzima kabisa. Nimeapa!

Jumanne, 4 Februari. Molo bado.

Baba ameona mashamba ya viazi. Ameyatazama mpaka machozi yakamtoka — ya upepo, amedai.

Friji sijui kama inafanya kazi. Hapa hata kabati ni friji.

Alhamisi, 6 Februari. Kabazi.

Balaa. Nimefungua friji nitoe maziwa ya chai ya jioni — yamekatika. Ndani vuguvugu kama kwapa. Chupa za dawa nimezikimbiza dukani, mwenye duka akanipa barafu, nikazitia kwenye thamosi. Nasir amepiga akauliza kama dawa iko baridi. Nimesema iko baridi. Si uongo. Sikusema iko wapi.

Nimechungulia moto wa friji. Uko nyuma ya kempa, chini, ndani ya kidirisha cha matundu. Unatakiwa uwe wa bluu. Ulikuwa wa njano, mvivu, unatoa masizi.

Nimeita fundi, Oduor, kijana mpole. Amezunguka kempa mara kadhaa. "Mathe, hii haina compressor. Haina motor. Inawashwa moto ndio iwe baridi?" Ndiyo, nikasema. "Sasa mimi nitatengeneza nini hapo, na hakuna kitu?" Amenishauri ninunue ya stima. Ya stima, na tunalala porini!

Basi nitatengeneza mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari. Kabazi.

Nimefunga gesi, nimefungua kifuniko. Kwenye mrija wa gesi — utando wa buibui! Amejenga, amezaa, amehama. Bomba la moshi limejaa masizi. Nimesugua kwa mswaki wa Baba wa zamani (anadhani ni wa zamani). Nikawasha. Bluu! Nilipiga kigelegele, mbuzi wa jirani wakakimbia.

Jioni: bado haipozi. Nimeipiga teke. Kidole kimevimba, friji haina habari.

Nimekaa nikafikiri. Jumatano tulilala petrol station, na asubuhi maziwa yalikuwa baridi ya kuuma meno. Moto ulikuwa ule ule mchafu. Kulikuwa na nini pale? Sakafu ya simiti, tambarare. Kwingine kote ni Baba anayechagua tutakavyoegesha: "Uso wa gari kibla, Malak." Tangu macho yapungue, uso wa kempa ndio unaomwonyesha pa kuswali. Anashuka, anashika bodi, anatandika mswala. Hataki kuuliza mtu. Lakini hapa Kabazi ni mteremko, na tukielekea kibla tumelala ubavu.

Nimeweka bakuli la maji juu ya friji. Maji yote upande mmoja! Nimesoma kwenye simu: friji hii haina cha kusukuma dawa ya kupozea iliyo ndani ya mabomba yake, inateremka yenyewe. Gari likiinama, inakwama. Kumbe.

Jumamosi, 8 Februari. Longonot.

Tumepata kiwanja cha mama mmoja, Adongo. Nimeegesha palipo sawa, ubavu ndio ukaelekea kibla. Nimemwambia Baba wakati tunashuka. Aliitikia. Nilidhani amesikia.

Saa saba friji ilikuwa baridi! Dawa imerudi ndani. Nimetoka nje nikiimba — na Baba amesujudu, uso wa gari mbele yake, akielekea reli.

Nimesimama mpaka akatoa salamu. Kisha nikamwambia. Amekunja mswala polepole. "Kwa hiyo friji ndiyo imamu sasa?"

Ameswali tena, nikimshika bega kumwelekeza. Chakula hakugusa. Nimeona aibu kuliko siku yoyote ya safari hii. Macho yake ninayalinda, na njia yake nimeipindua.

Jumapili, 9 Februari. Longonot.

Yote mawili. Kibla na friji. Sichagui!

Nimefunga gesi, nimegeuza kempa. Imeinama vibaya. Nimemwomba Adongo jembe, akanipa kijembe butu. "Mchagua jembe si mkulima," amenitania. "Lakini mathe, unapanda nini chini ya gari?" Nimechimba chini ya magurudumu ya upande wa juu, nikarudisha gari shimoni, nikapima kwa bakuli. Bado. Nikachimba tena. Mikono imechubuka. Mara ya tatu maji yametulia katikati. Uso kibla, sakafu sawa!

Nimemwita Baba aje aone, nikaingia ndani kutafuta kibiriti. Nilipotoka alikuwa amepiga magoti kwenye kidirisha cha moto, kiganja juu ya jicho la kulia kuzuia jua.

"Bluu," amesema. "Bluu safi kabisa. Umeshinda, binti yangu."

Kibiriti kilikuwa mkononi mwangu. Gesi sikuwa nimefungua.

Nimesema, "Ndiyo, Baba." Nimengoja ageuke, nikawasha. Ilikuwa bluu kweli.

Tangu lini? Jana alisifu mlima. Juzi alisifu ng'ombe wa Kabazi na rangi zao. Sijui ni kipi alikiona na kipi alinipa tu ili nisimrudishe nyumbani. Nalia naandika.

Sasa amekaa mlangoni anapanga: kesho Naivasha, halafu Baringo. Matone ya jioni nimemtia. Yalikuwa baridi, akaruka kidogo, akacheka. Dawa iko baridi — hilo naweza kumwambia Nasir bila kupepesa.

Simu inaita. Ni yeye. Baba anauliza mbona sishiki.