Tangi Lililowaka Siku ya Nyepi

Om swastiastu.

Kwa kaka yangu Wayan, uliye mbali majini,

Kwanza nakujulia hali. Mgongo umepona, au bado unabeba masinia ya wageni hao huku unatabasamu kwa maumivu? Sisi huku hatujambo sote. Mama mzima, ila goti lake linamtabiria mvua kila siku na mvua yenyewe haiji. Baba mzima, sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Na mimi dada yako Kadek ni mzima, vidole vyote vipo. Utajua mbele kwa nini nakutajia vidole. Barua hii anakuletea Putu Arsana, yule mtoto wa Mama Luh muuza nguruwe wa kuchoma, anayekuja kupanda meli yenu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu za huko kwenu hukatika habari ikifika patamu, na hii sitaki ikatike.

Habari yenyewe ni ya tangi lako la samaki. Tulia kwanza, usishike kifua.

Unakumbuka uliponipigia ukasema mkataba unakaribia kwisha na umechoka. Ukaniambia kwamba kama matumbawe yako yatakuwa hai, hutasaini tena. Utarudi nyumbani uyazalishe na kuyauza kama ulivyotaka tangu hujaota ndevu. Na yakiwa yamekufa, utajua si riziki yako, utabaki melini. Sasa we Kaka, huo ni mzigo wa kumtwika mshona blauzi za kebaya? Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa mchele, simu nimeiweka spika juu ya kabati, nikawa naitikia tu ndiyo Kaka, ndiyo Kaka. Nilipotaka kukwambia kwamba matumbawe yameanza kuwa meupe, simu ikakata.

Naam, yalikuwa yanakufa. Kosa lilikuwa la ile taa yako ya LED. Vile vitufe viwili vya kuzungusha, cha mwanga wa buluu na cha mwanga mweupe, vililiwa na chumvi vikaganda kwenye mwisho kabisa. Ukiwasha, ni jua la utosini papo hapo. Ukizima, ni kaburi. Wale samaki wako wawili wa rangi ya chungwa wakawa wanajigonga nyuma ya jiwe asubuhi na jioni, na matumbawe yakawa yanaungua taratibu. Mimi nikatandika kipande cha shela juu ya kioo kupunguza mwanga, kama ninayemvisha bibi harusi.

Baba naye hakunipa nafasi ya kupumua. Tangi analiita friji ya samaki, hilo unalijua. Kila tukikaa kula alikuwa anasema friji hiyo haipoozi bia, haigandishi nyama, inakula umeme tu. Akatangaza kwamba siku ya kimya ya Nyepi ikipita tu, tangi litoke, amekwisha ongea na mwenye nyumba ya wageni kule ufukweni aje alichukue, na pale upenuni ataweka vikapu vya majogoo wake. Nikamwambia ni mali ya Kaka. Akasema Kaka yako anaishi juu ya bahari nzima, ya nini tena kumwekea bahari ya kwenye kioo? Nikaanza kukusanya sahani. Nilikuwa nakuona unasaini karatasi nyingine na kupotea tena.

Basi siku moja kikaja kifurushi chenye jina langu, mtumaji hakuandikwa. Kufungua, ni kidhibiti cha taa: kisanduku kidogo cheusi kama kiberiti kikubwa, chenye saa ndani, cha kuifundisha taa ipambazuke polepole na ichwe polepole. Nikajua ni wewe umekiagiza toka huko. Nikakushukuru moyoni, kisha nikakutukana kidogo, kwa sababu hukuniletea na fundi wa kukifunga. Nikaulizia fundi, akaniambia taa ya namna hiyo haikutengenezewa kidhibiti, afadhali ninunue nyingine. Nikaja nyumbani nikachukua bisibisi yako na kile chuma chako cha kulehemu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilichomoa plagi, nikaishusha taa, nikaifuta chumvi, nikafungua skrubu za mgongoni. Ndani kuna visanduku viwili vya umeme, kimoja kinalisha buluu na kingine nyeupe, na kutoka kila kimoja nyaya mbili nyembamba zinakwenda kwenye kitufe chake. Nikavikata vile vitufe vilivyoganda, na mahali pake nikalehemu nyaya za kidhibiti. Wakati wote huo Baba alisimama mlangoni na fimbo ya mwanzi mkavu. Kabla sijaanza alikuwa amesema umeme ukinishika nisimwite. Nilipomuuliza fimbo ya nini, akasema ya kumfukuzia paka. Paka wetu, Kaka, alikwisha kufa, na Baba ndiye aliyemzika.

Mara ya kwanza taa ilinidharau. Niliiambia nusu, ikawaka yote. Niliiambia robo, ikawaka yote. Baba akacheka akasema imenitambua kwamba ni mshonaji. Kumbe nilifunga chanya kwenye hasi. Nikageuza, ikatii. Halafu nikakuta nimebadilisha buluu na nyeupe, kwa hiyo mbalamwezi niliyopanga ikaja kama taa ya duka la dawa. Nikafungua tena, nikalehemu tena, nikajiunguza kidole gumba, nikafunga. Asubuhi iliyofuata Mama ndiye aliyeniita. Mwanga ulikuwa unaingia majini kidogo kidogo, buluu kwanza, kisha weupe ukajichanganya, na wale samaki wakatoka nyuma ya jiwe mmoja baada ya mwingine, bila kujigonga. Mama alikaa chini akasahau wali jikoni. Ulivyoungua ule wali, hata majogoo waliukataa.

Tangu hapo mambo yakaanza kunyooka. Matumbawe yakarudi kahawia, kisha kijani ikachungulia. Baba alikuwa anapita na kahawa yake akisema tu, "Naona friji imeshika adabu." Lakini neno lake la kulitoa tangi baada ya Nyepi hakulifuta.

Nyepi yenyewe sasa. Unamjua Baba na siku hiyo: hakuna moto, hakuna taa, hakuna kutoka, hata kukohoa anakutazama. Miaka aliyokuwa mkuu wa walinzi wa mila hapa mtaani, kwenye banjar yetu, hakuna aliyepona. Bado watu wanasimulia alivyomtoza Mzee Mudra faini kwa sababu ya dawa ya mbu iliyokuwa inafuka chini ya kitanda. Na mwaka huu, Kaka, mkuu wa walinzi ni nani? Ni huyo huyo Mzee Mudra.

Mimi nilijipanga vizuri. Pampu niliiacha izunguke, maana bila hiyo wangekufa wote, na kidhibiti nikakipangia sifuri mchana kutwa na usiku kucha. Kikabaki na kataa kake ka kijani tu, kadogo kama dengu, nikakafunika kwa kipande cha kitambaa cheusi. Giza likaingia, lile giza la Nyepi ambalo hata mkono wako hauuoni. Tukakaa upenuni, Mama anasali, mimi natazama nyota. Baba akanyanyuka kwenda msalani akipapasa ukuta. Akasimama. Akanong'ona kwa ukali kwamba kuna moto ndani ya nyumba yake. Kitambaa kilikuwa kimeanguka. Nikamnong'oneza, huo si moto, Baba, kidude kimelala tu, kiache. Akasema, "Aliyelala hafumbui jicho," akakichomoa kidhibiti kwenye umeme.

Hapa nikueleze, maana hata mimi nilikuwa nimelisoma nikalisahau. Kile kidhibiti hakiiwashi taa, Kaka. Kinaizuia. Vile visanduku vya umeme vinangoja amri yake, na amri isipokuja, vinatoa vyote vilivyo navyo.

Weee! Buluu na nyeupe vikalipuka kwa pamoja. Mwanga ukatoka upenuni, ukaruka ukuta, ukapanda minazi ya jirani, ukapaka ukuta wa hekalu. Majogoo wote wa Baba wakadhani kumekucha, wakawika. Wa jirani wakajibu. Mbwa wakafuata. Baba akajitupa juu ya tangi mikono wazi, kisha akavua sarong yake akaitandaza kwenye kioo, akabaki na kaptula, nami nikawa chini ya meza nikitambaa kutafuta plagi ya taa nyuma ya mabomba, macho hayaoni kwa mwangaza. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa shali anatetemeka. Nikadhani analia, kumbe amekufa kwa kicheko. Nikaipata plagi nikaivuta. Giza likarudi, lakini majogoo hawakunyamaza.

Mara tukasikia kandambili nje, polepole, bila haraka yoyote. Sauti ya Mzee Mudra ikapita juu ya ukuta, tamu kama ya mchumba: "Baba Wayan... naona kwenu kumekucha?"

Baba akajibu, "Hapana. Tumelala."

Mkuki kwa nguruwe, Kaka! Sijawahi kumwona Baba amejikunja vile. Hakulala, nilimsikia akigeukageuka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuwasha moto tena na kuombana radhi, na watu wote wa banjar wakakusanyika ukumbini. Hakuna aliyekaa nyumbani, hata bibi yake Putu alibebwa. Mzee Mudra akauliza, kwa adabu zote, kile chombo kilichowaka ni cha nani, ili mwenyewe aombe radhi. Nilikwisha simama. Nilitaka kusema ni changu, nimekifunga mimi, kakangu ndiye aliyekituma, Baba hana kosa. Baba akanishika mshipi wa kiunoni akanivuta nikakaa kitako. Akasimama yeye.

Akasema, "Nilikinunua mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema kwamba siku ile alikuwa nyuma ya jiko akimwogesha jogoo, akasikia sauti yako kwenye simu, yote, mwanzo mpaka mwisho. Kwamba mwanawe amesema matumbawe yakiishi atarudi. Akasema usiku ule hakula. Akaenda kwa watu kuuliza matumbawe yanataka nini, wakamwambia mwanga unaopanda na kushuka, basi akamwomba Putu amwagizie kwenye simu yake, akamwapisha asimwambie mtu. Akasema, "Mimi sijui kumwambia mtu rudi. Sikufundishwa. Najua kumnunulia kitu." Na kuhusu lile tangi kutolewa, akasema maneno ya mezani ni maneno ya mezani, na yule mwenye nyumba ya wageni hakuwahi kuongea naye hata siku moja. Kisha akakunja mikono kifuani akaomba radhi kwa banjar yote kwa kuwasha mwanga siku ya kimya.

Mimi machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, sikujua nifute kipi. Mzee Mudra akasema faini ni ile ile aliyotozwa yeye kwa dawa ya mbu, kapu la mchele, wala hapunguzi. Ila akaongeza na lake: jioni ile Baba Wayan awaonyeshe hicho kitu, maana walikiona kwa mbali tu. Watu wakapasuka kwa kicheko, na Baba akacheka kuliko wote.

Basi wakaja. Mama akatoa kahawa na keki za mchele mpaka zikaisha. Nikakirudisha kidhibiti mahali pake, wakakaa upenuni kutazama jua likizama ndani ya maji, weupe ukiondoka, buluu ikibaki, matumbawe yakifumba. Mzee Mudra alibandika pua kwenye kioo kama mtoto dukani. Baba alikuwa anawaeleza kila kitu, na kila kitu alikosea. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo kifurushi hukukituma wewe. Nirudishie shukrani zangu, matusi baki nayo. Putu anayekukabidhi barua hii mtazame usoni uone atakavyojichekesha. Na jambo jingine. Vikapu vya majogoo Baba amevipeleka nyuma ya jiko. Upenuni, kando ya tangi lako, amejenga vitako vya saruji, virefu, upana ule ule wa tangi, vimesawazishwa kwa pimamaji. Nikamuuliza ni vya nini. Akasema ni vya kukalia. Hakuna anayeruhusiwa kuvikalia.

Mama anakusalimu sana, anasema ule, na usile baridi. Mama Luh anakusalimu, na majirani wote, na Mzee Mudra anauliza kama huko melini nako kumekucha. Baba nilimuuliza ana salamu gani. Akasema nikwambie friji yako inafanya kazi. Nikaandika. Nilipotaka kuifunga barua akarudi, akasimama nyuma yangu, akasema nifute hayo ya friji, niandike neno moja tu, na akangoja mpaka aone nimeliandika.

Rudi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kadek Ariasih