Kwa Okoth, Anayechuma Zabibu za Wakwe Zake

Mwanangu Okoth,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, niliiona kwa macho yangu: umenenepa shingo, unavaa viatu hata ukiwa shambani, na mkate unaula kwa kuuchovya kwenye mafuta. Barua hii sijaitia gundi. Anayeibeba aisome, wa posta aisome, na huko kwa wakwe zako ukimpata wa kuitafsiri, aisome kwa sauti mezani watu wakiwa wamekaa. Nimechoka kukufichia.

Mdogo wako Owuor bado analala kwenye kile kibanda cha ujana wake, kule chini karibu na mto. Mvua za mwaka huu maji yaliingia tena usawa wa kitanda, na mke wake Akinyi alimweka mtoto mchanga juu ya kabati ya vyombo kama sufuria. Owuor ana mbao. Ana mabati yamelala uani mpaka kuku wanataga chini yake. Na pale juu, karibu na barabara ya Ahero, kuna ardhi kavu ya baba yenu ambayo haijawahi kuonja mafuriko. Lakini hawezi kuchimba hata shimo la nguzo moja. Kwa nini? Kwa sababu mkubwa hajajenga, na mdogo hamruki mkubwa. Usijifanye umeisahau hiyo.

Na kazi yenyewe ni ya asubuhi moja! Ndugu yangu hayupo, kwa hiyo mimi nasimama pale ambapo baba yako angesimama. Nashika jogoo, wewe unashika shoka, mke wako anabeba moto. Tunainua kijumba, hata cha udongo, mnalala humo, basi. Kesho yake ukitaka kurudi kwenye zabibu, rudi. Nani atakufunga kamba?

Mimi ndiye niliyekufundisha kuogelea ziwani pale Dunga. Unakumbuka yule kiboko? Wengine walikimbia na nguo mkononi, mimi nikamchapa kasia puani, akageuza mwili wote na kuelekea upande wa Uganda, na mpaka leo wavuvi wa Dunga hawajamwona tena. Ulikuwa umening'inia shingoni mwangu, mbavu zako nyembamba zinapiga mgongoni kwangu, nikadhani unalia. Kumbe unacheka. Ukasema, "Baba mdogo, mpige tena." Sauti hiyo bado ninayo sikioni, hata leo nikiwa na hasira hivi.

Ulikaa kwangu Kaloleni, mjini Kisumu, ukisoma, nikitoka karakana ya reli nakukuta umelala juu ya vitabu. Jumamosi nakupakia kwenye baiskeli kukupeleka upande wa Ahero kwa mama yako, na mabasi yote tunayaacha nyuma kuanzia Nyamasaria. Padri alipokupatia nafasi ya kwenda Italia kusomea kilimo, niliwaambia watu wote wa karakana: huyu atarudi atufundishe kulima mpunga mpaka maji yenyewe yatuombe msamaha. Ukasoma kilimo, kweli. Ukaenda kulimia watu.

Halafu ukaoa huko huko. Na mkwe wako, mzee Vito, alipoandika kwamba anataka kumwona mkubwa mmoja wa ukoo wako wakati wa mavuno, nani alipanda ndege? Mimi, wa darasa la tano. Nilikaa dirishani, na juu ya jangwa nikaona rubani anapotea njia. Nikamwita yule msichana wa chai, nikamwonyesha kwa kidole jua liko wapi. Ndege ikanyooka. Hawakunishukuru, lakini tulifika.

Kijiji chenyewe nilikipenda, sitasema uongo. Kimekaa juu ya kilima kama kofia, mawe kwa mawe, na ngazi za kanisa zimelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Mzee Vito alinishusha kwenye pishi lililochimbwa ndani ya mwamba, baridi kama sanduku la barafu la wachuuzi wa samaki. Akagonga pipa moja kubwa na kusema baba ya babu yake ndiye aliyelitengeneza. Nikavua kofia. Unajua mimi sivui kofia ovyo. Divai yao ilinikunja uso kama ukwaju, lakini nilimaliza, nikaomba nyingine, na pipa tupu ambalo vijana wawili walishindwa kulisogeza nikalibeba peke yangu mpaka uani. Ulikuwepo. Uliona.

Tatizo lilikuja nilipokuuliza, "Nyumba yako ni ipi?"

Ukanionyesha dirisha la juu. Okoth! Wewe na mke wako mnalala ghorofani, na mkwe wako na mama mkwe wako wanalala chini yenu, mbao tu ndizo zimewatenga. Mkikohoa wanasikia. Mkigeuka kitandani wanasikia. Mwanamume wa kwetu, mtoto wa kwanza, analala juu ya kichwa cha baba wa mke wake! Na mimi nilikuwa nimetandikiwa mlango wa pili kutoka kwa mama mkwe. Nikachukua mkoba wangu wenye samaki mkavu niliyewaletea, nikaenda kulala kwenye kile kibanda cha mawe katikati ya mizabibu, wanapoweka majembe. Kwetu kutolala paa moja na wakwe ni adabu, ni heshima, na wewe ulipaswa kuwaeleza.

Asubuhi mezani ukawaambia kitu kwa lugha yao. Meza nzima ikacheka, hata yule mtoto wa jirani, maziwa yakamtoka puani. Mzee Vito peke yake hakucheka.

"Umewaambia nini?" nikakuuliza.

"Si kitu, baba mdogo."

"Okoth, umewaambia nini?"

"Nimewaambia tu... kwamba kwetu umezoea kulala nje."

Mimi? Mimi niliyekuwa wa kwanza kuezeka bati ng'ambo hii ya mto? Mimi ambaye watu walikuja kutoka Ahero kusikiliza mvua ikigonga juu ya paa langu? Nilikuwa kwa watu. Niliuma meno, Okoth, na bado sijayaachanisha.

Siku hiyo mzee Vito alitutembeza sisi wawili kwenye mashamba yake, wewe ukiwa mkalimani na kisu cha kukatia zabibu mkononi. Mlima wote wameukata kama ngazi, kila ngazi na ukuta wake wa mawe, mizeituni huku, mizabibu kule, na bahari inang'aa mbali chini. Tukafika kwenye ngazi moja yenye udongo mwekundu mzuri kuliko zote, na haina kitu. Nyasi tu.

Nikasema, "Muulize mbona hapa hapalimwi."

Mzee Vito akajibu, ukatafsiri: "Anasema hapa ni pa Nino, mtoto wake wa kwanza. Alikwenda kufanya kazi kiwandani Ujerumani."

"Na yule mdogo wake anayebeba makreti, si apande yeye?"

Mzee alinitazama kama mtu niliyemwambia avae suruali ya baba yake. Akasema maneno mawili. Na wewe, kwa mdomo wako mwenyewe, ukayageuza kwa Kiswahili: "Nino kwanza."

Halafu ukafuta jasho, ukainama, ukakata kishada kingine.

Ulikuwa mkalimani wa maneno hayo na hayakukugusa! Mimi na yule mzee tuliketi juu ya ukuta, hatuna lugha, tukala samaki wangu na zeituni zake, akanishika mkono, na nadhani machozi yalimlengalenga, ingawa upepo pia ulikuwepo. Nikakuita. "Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia, baba mdogo. Krismasi nitakuja."

Ni kweli hukutaja Krismasi gani.

Tangu hapo ziwa lenyewe limebadilika. Magugu yamefunga ufuo wa Kisumu, pale tulipoogelea mtu anaweza kudhani ni shamba la sukumawiki. Akinyi amezaa mara nyingine. Owuor hasemi kitu. Anatoa maji nyumbani kwa karai, anaanika godoro, anakwenda mpungani. Huyo ndiye anayeniumiza, kwa sababu angenitukana ningejua la kujibu.

Jumapili wazee wa ukoo walikuja nyumbani. Mzee Ogola, unamjua, yule mwenye ulimi wa wembe, akaanza: "Huyu mtoto wenu amekufa wapi?"

"Hajakufa," nikasema. "Yuko Italia."

"Mtu aliye hai hujenga. Mimi nauliza mwili uko wapi tuuzike."

Unajua anakoelekea. Mtu wetu akizama ziwani na mwili usionekane, tunakata tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, tunalizika kwa jina lake, tunalia, na mambo yaliyofungwa yanafunguka. Ogola anataka tukuzike hivyo. Ukishazikwa, Owuor anakuwa mkubwa, na shoka anashika yeye.

Nilisimama, nikapiga meza, nikawaambia maneno ambayo Ogola hatayasahau mpaka akutane na babu zake. Nikawaambia mtoto aliyecheka mbele ya kiboko hazikwi kama tunda. Nilikuwa karibu kuwashinda. Kisha nikamgeukia mama yako aniunge mkono.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Zikeni," akasema. "Mimi nina mtoto mwingine anayelala majini."

Okoth, nilitoka nje, nikaenda kutafuta panga.

Tunda nimelikata mwenyewe, sikutaka mkono wa Ogola uliguse. Niliwaomba kitu kimoja tu, wangoje mpaka mvua ndefu zianze, wakakubali kwa shingo upande. Usipokuja, nitalibeba kifuani mwenyewe mpaka kaburini, na nitalia, na unanijua nikilia: watasikia Ahero, watasikia Nyamasaria, watauliza ni nani mkubwa hivyo aliyekufa. Ukija baada ya hapo, karibu. Utapewa kiti cha wageni, na Owuor ndiye atakayekuja mlangoni kukupokea mkoba.

Mwambie mzee Vito nimemkumbuka. Wewe kaa salama huko uliko.

Ni mimi, baba yako mdogo mpaka mvua zitakapoanza.