Hatua Sita Hadi Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya saba tangu mke wangu avunjike nyonga. Dada wa viungo alikuja saa nne kumfanyisha mazoezi. Anataka mama watoto ashike fremu ya kutembelea, apige hatua sita, kitandani hadi mlangoni. Alisimama. Akaitazama fremu, akaketi tena. Ndiyo kwisha. Nikajitia kusema siku ambazo dada haji nitamfanyisha mimi, asubuhi na jioni. Mdomo huu!

Jumatano, 5 Machi

Hataki. Nikimkunja goti ananiita mkatili. Miaka arobaini na sita hajaniita hivyo — hata nilipostahili.

Binti yetu kapiga simu. Mama asipotembea kufikia Ijumaa, anamchukua kwake. Mama tu. Kwake kuna nafasi ya kitanda kimoja. Nikasema sawa, mwanangu. Kisha nikaenda jikoni, nikafungua bomba ili nisisikike.

Alhamisi, 6 Machi

Hatua mbili. Ya tatu goti likamsaliti, nikamdaka. Kiuno changu kikalia ka! Nimemrudisha kitandani kana kwamba si kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Dada wa viungo alinishtukia nilipomfungulia mlango. Hakuanza na mgonjwa. Chumbani alisogeza fremu ukutani nipate kupita, akaniketisha kitini mkabala na kitanda, akaniomba niinuke bila kushika popote. Nikajaribu mara tatu. Nikacheka, nikasingizia kiti ni kifupi. Hakucheka.

"Baba, mama unamshika wewe. Wewe nani anakushika?"

Akasema hana budi kumwambia binti yetu. Nikamsihi — mzee mzima na mvi zangu, nimemng'ang'ania mkono. Akajitoa taratibu, akatoka na simu yake.

Naandika hapa hapa kitini. Namsikia uani. Amesema "wote wawili". Wote wawili wapelekwe? Wote wawili hawawezi? Sijui.

Mke wangu kasikia kila kitu. Haongei. Amefunua shuka. Mguu mmoja chini.

Nimemwambia ngoja, mama watoto, dada anarudi. Wa pili nao chini. Fremu haifikii. Ameweka kiganja kitandani, anajisukuma juu, macho kwangu. Nimemwita dada — hajasikia, bado anaongea. Kasimama! Peke yake, hana pa kushika, na anakuja huku.

Mimi siinuki. Nimejaribu tena, siinuki —